Video Katika Nyumba ya Eda

Baba mdogo alisema televisheni haiingii nyumba yenye eda, nami nikasema itaingia. Nilisema kimoyomoyo kwanza, maana adabu nilifunzwa, lakini nilisema.

Baba yetu alikuwa amefariki, na mama alikuwa akikaa eda nyumbani kwetu Bongwe, miezi minne na siku kumi bila kutoka. Katikati ya eda hiyo mdogo wangu, kitindamimba wa mama, akaolewa. Baba mwenyewe alikuwa ameusia harusi isiahirishwe. Ikafanywa Msambweni kwa shangazi, tukaenda sote, mama akabaki na mkeka wake. Nani ataniambia hiyo ni haki? Mama azae, alee, asuke nywele miaka yote hiyo, kisha asimwone mwanawe hata kidole chenye hina!

Kule Msambweni mwanamke mmoja mwenye kamera alikuwa amepiga video upande wa wanawake, vichwa wazi, kila mtu amejipamba. Akanipa kanda kwa sharti kwamba jicho la mwanamume lisiifikie. Basi mafundi wa video wa Ukunda, wanaume wote, niliwaondoa hesabuni mapema. Wakitengeneza mashine, wangetaka kuijaribu kwa kanda hiyo hiyo.

Wakati huo nilikuwa nikifua mashuka katika hoteli moja ya Galu, na stoo yao ilijaa vitu vilivyotolewa vyumbani. Mwenye stoo, bwana mmoja wa bara, alinicheka nilipomwomba deki ya kuchezea kanda. "Siz, hiyo deki ilikufa kitambo. Utaifanyia nini?"

"Nitaifufua," nikamjibu. Mchagua jembe si mkulima. Nikaondoka na deki pamoja na televisheni kuukuu yenye mgongo mkubwa.

Nilikuwa nimewaona mafundi wa hoteli wakizifungua deki, sikuona uchawi wowote. Yangu niliifungua kwa kisu cha jikoni. Mkanda wa mpira ndani ulikuwa umelegea, kanda haizunguki. Nikakata mwingine kutoka tyubu ya baiskeli. Ukakatika. Nikakata tena, ukakatika tena, nikatoa neno ambalo sitaliandika hapa, nikakata wa tatu. Kile kichwa kinachosoma kanda nikakifuta kwa spiriti. Televisheni haikuwa na matundu ya waya za deki, basi nikazipitishia penye antena na kuzungusha kitufe cha stesheni polepole, chenga, chenga, chenga tupu, hadi picha ikatokea, ya kijanikijani lakini picha. Spika ya televisheni ilikuwa imekufa kabisa, kwa hivyo sauti nikaitoa kwenye deki nikaiingiza kwenye redio kubwa ya marehemu baba. Ikanguruma! Niliruka, wallahi.

Baada ya sala ya alasiri nikafunga madirisha, nikamketisha mama mbele ya televisheni.

"Mwanangu, watu watasema."

"Waseme, mama. Midomo ni yao."

Kanda haijafika mbali, tukasikia hodi. Nikatoka. Alikuwa baba mdogo, amesikia ngoma tangu barabarani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Muziki gani huu? Ndugu yangu udongo haujamkauka!"

Iliniuma sana hiyo. Aliyekuwa chini ya udongo alikuwa baba yangu. Nikasimama katikati ya mlango.

"Samahani, baba, huwezi kuingia. Ndani mna wanawake vichwa wazi."

"Wanawake gani?"

"Wa harusini. Mkeo yumo, na wake za watu wamo, wanacheza."

Akarudisha mguu nyuma. Mambo ya stara yeye ndiye aliyetuhubiria tangu utotoni, angepita vipi? Akabaki pale barazani, uso umemkunjamana, mkono kwenye nguzo.

Ndani, redioni, ngoma ikapanda. Nilijua wamefika pale bibi harusi anapotolewa chumbani. Kisha kikapaa kigelegele kimoja ambacho hakikutoka redioni, kirefu, kikavu mwanzoni, halafu kikafunguka kikajaza nyumba nzima mpaka uani.

Baba mdogo akashtuka. "Ni nani huyo?"

"Mama wa bibi harusi," nikamwambia. "Yuko harusini."