Muuza Mchele Mwenye Kisukari

Nauza mchele hapa Chimala, na mama yangu aliuuza kabla yangu. Nyumbani asubuhi tulikula kiporo cha wali kwa chai, mchana wali, jioni wali tena. Ndiyo maana muuguzi wa kliniki aliponiambia nina kisukari, sikuuliza habari za dawa. Niliuliza, "Na wali?"

Akachukua karatasi, akachora sahani na kuigawa. Nusu mboga za majani, robo maharage au samaki, robo iliyobaki wali.

"Wali sikunyang'anyi, dada," alisema. "Naupunguzia nafasi. Na vidonge usiache."

Nilitoka nimenuna. Nilidhani mume wangu atanihurumia, lakini yeye ni Mhehe wa Igowole, na kwao, alisema, mtu asiyekula mboga hajala. Jumamosi ile alilima matuta mawili nyuma ya nyumba, akapanda chainizi na mchicha. Wakati tunasubiri viote, alinipikia majani ya maboga kwa karanga kidogo. Siku tatu nilitafuna kama naadhibiwa. Siku ya nne nikaongeza mwenyewe, na yeye akajifanya hakuona.

Soda niliacha. Sokoni nikawa naenda kwa miguu. Wateja walinitania kwamba muuza mchele anaukimbia mchele wake, nami nikawaambia ukweli: nina kisukari, na bado nakula wali, ila robo. Mama mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, aliniinamia akaninong'oneza kuwa naye anacho, hajawahi kumwambia mtu. Nilimchorea ile sahani juu ya mfuko wa karatasi.

Kliniki iliyofuata nilikwenda pamoja na mama yule. Nilitobolewa kidole, nikafumba macho. Muuguzi akakisogeza kipimo karibu yangu. Mara ya kwanza kilisoma kumi na nne; sasa kilisoma saba. Nilimwomba anipime tena, akapima, ikawa saba ile ile. Mwenzangu alinishika mkono, wote wawili tukitetemeka kwa kicheko.

Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia. Mume wangu alikuwa akimwagilia mchicha.

"Saba," nilimwambia.

Hakuuliza saba ya nini. Aliweka ndoo chini, akanikumbatia mbele ya majirani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu tuoane.