Kiraka cha Rubugo

Mpaka leo nikipita penye mitumba sokoni Bukoba, mkono wangu huingia mfukoni mwa koti kabla sijauliza bei. Wauzaji hunikodolea macho, na waendelee kunikodolea. Sufu yenye unyevunyevu ikichanganyika na harufu ya kahawa, nimesharudi kijijini kwetu Ijumbi, wakati ule vita vimekwisha na baba hajarudi.

Baba alikuwa askari wa Mwingereza huko Burma. Aliwahi kuja likizo, mfuko wa ndani wa koti lake umetoboka, na mama akauziba kwa kiraka cha rubugo, lile gome la mti lililopondwa ambalo bibi zetu walivaa. Kisha akaujaza kahawa ya kutafuna, maana Mhaya hasafiri bila kahawa mfukoni. Baada ya hapo, kimya. Hata barua hatukupata.

Ndipo mwenye duka mmoja wa Nshamba alipoleta makoti ya jeshi, na wanaume wakayagombania. Jumapili mabenchi ya kanisa letu yakawa kama gwaride. Wengine wakisali, mimi nilikagua. Nilijua muhuri wa mshale, alama ya jeshi la Mwingereza, kwenye bitana, vifungo vya shaba na vile vilivyobadilishwa baadaye, na pale begani ambapo kitambaa hakikupauka kwa sababu cheo kilikuwa kimebanduliwa. Sikutulia hata kidogo, kwani mtoto mmoja shuleni alikuwa ameniambia kwamba makoti yanayouzwa ni ya waliokufa.

Baba mdogo naye akanunua lake. Alipolitundika ukutani nililinusa, nikasikia kahawa. Nilitoka mbio hadi migombani, mama alikokuwa akipalilia.

"Mama, koti la baba mdogo linanuka kahawa. Ni la Tata," nilisema, nikimtaja baba kwa Kihaya."

Hakuinua uso. "Yote yananuka hivyo. Yamelazwa kwenye ghala la kahawa."

"Na kiraka?"

"Halina. Nenda ukachote maji."

Nilimkasirikia sana. Nilimwona mwanamke asiye na moyo, ambaye kila siku ya gulio alitembea mpaka Nshamba kufuata chumvi kana kwamba hakuna jambo jingine duniani.

Baba alirudi msimu wa kuchuma kahawa, amekonda, amevaa shati jeupe. Mama alipiga magoti kumwamkia, kama desturi yetu, na kabla hajainuka akamuuliza, "Koti liko wapi?"

"Nililirudisha kambini. Lile ni mali ya jeshi."

Mama akakaa palepale kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni, akalia. Baba mdogo alicheka sana: mume karudi mzima, mke analilia koti. Nami nilicheka.

Ilinibidi nami niolewe, nimngoje mtu asiyeandika, ndipo nikaikumbuka ile chumvi. Chungu chetu cha chumvi kilikuwa kimejaa hadi mdomoni, hata jirani walikuja kuomba. Mama alijua kwamba makoti yote yananuka kahawa kwa sababu alikuwa ameingiza mkono katika kila mfuko pale dukani. Na lile la baba lililorudishwa kambini, lenye kiraka alichokishona mama mwenyewe, lingeweza kufika Nshamba gulio lolote, limemtangulia baba. Angelishika, akarudi Ijumbi akijiona mjane, na mumewe yu hai njiani.