Mtu Mmoja, Karata Moja

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa karata hata moja. Msimamizi wa meza, Bwana Wafula, alinisimamisha mbele ya meza ya kitambaa kijani akaniambia nimwonyeshe viganja vyangu, kwanza juu, kisha chini, kama mwalimu anayekagua kucha za watoto.

"Kila ukitoka mezani unafanya hivi," alisema. "Mteja aone huna kitu mkononi. Kamera hatuna hapa. Kamera ni hiyo mikono yako."

Kuanzia saa nane mchana hadi giza lilipoingia nilionyesha viganja. Nilipoondoka mabega yaliniuma kama mtu aliyetwanga mahindi.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, hapa Kisumu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, naishi Kaloleni na mama yangu, na kabla ya hapo nilikuwa nimeuza vitambaa kwa duka moja mjini. Kasino ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo ambalo madirisha yake yalitazama ziwa, meza saba tu, na wanawake wanaogawa karata hawakuwapo. Mama, mtu wa kanisa, alienda kanisani siku mbili mfululizo baada ya kusikia habari hiyo. Siku ya tatu aliniuliza kama kazi yenyewe itanilazimu kudanganya watu. Nikamwambia nimeajiriwa kuhakikisha hawadanganywi. Akasema, "Haya, nenda, nyathina. Lakini mimi nitakuombea kila siku." Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo, na alipolitamka neno hilo nilijua ameniruhusu.

Bwana Wafula alitoka upande wa Bungoma. Alikuwa mrefu, mkavu, hakucheka kazini. Alinifundisha blakjeki kwa miezi minne kabla hajaniruhusu kusimama mbele ya mteja. Kwa wale wasioujua, mchezo wenyewe si mgumu: mchezaji hupewa karata mbili na anaweza kuongeza nyingine, akitafuta kukaribia ishirini na moja bila kuzidi. Hashindani na jirani yake. Anashindana na mgawaji, yaani mimi niliyesimama upande wa pili wa meza. Karata hutoka kwenye sanduku dogo la mbao ili mkono wa mgawaji usiweze kuchagua.

Mashindano ni jambo jingine. Huko kila mtu hulipa kiingilio kimoja, akapewa chipu sawa na wenzake, zile sarafu za plastiki za kuchezea ambazo siku hiyo hazina thamani nje ya meza. Baada ya idadi fulani ya michezo, mwenye chipu nyingi mezani kwake anasonga mbele. Nilipenda mashindano kuliko kazi ya kila siku. Katika kazi ya kila siku nimeona mtu akirudi mezani mara tano kutafuta alichopoteza, na nimemwona mkewe akimngojea chini kwa ngazi. Katika mashindano, ulichoingia nacho ndicho tu unachoweza kupoteza, kisha unaenda nyumbani. Ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilifanywa karani wa mashindano. Nilipewa daftari, kalamu, na kiti karibu na mlango. Hapo ndipo nilipoona yale ambayo nikiwa mezani sikuyaona. Viti vilikuwa ishirini na vinne, lakini kabla sijafungua daftari Jumamosi asubuhi, Meneja Mkuu alikuwa tayari ameniletea majina kumi na tano au kumi na sita, watu wa Milimani, mtaa wa matajiri, waliompigia simu. Waliobaki mlangoni waligombea vilivyosalia. Mwanamke hakuandikwa kama hakuja na mwanamume. Na kubwa zaidi, aliyeishiwa chipu na kutolewa mapema aliruhusiwa kulipa tena na kuanza upya, mara nyingi atakavyo, mradi raundi ya kwanza haijaisha. Kwa hiyo mwenye mfuko mnene alikuwa na maisha manne, na fundi wa baiskeli alikuwa na moja.

Jumamosi moja alikuja mwanamke wa makamo, amevaa leso juu ya gauni la kazi, vidole vina weusi wa grisi. Alikuwa Mama Turfosa, aliyeuza vipuri vya malori kule Mamboleo. Nilimjua kidogo. Alikuwa akicheza kwetu mara moja moja, chipu ndogo, na hakuwahi kukawia kujumlisha karata.

"Niandike," alisema.

"Mama, umekuja na nani?"

"Na miguu yangu."

Watu wakacheka. Mimi sikuweza. Nilimwambia sheria yetu inataka mwanamke aje na mwanamume, na tena viti vimejaa.

Hakupandisha sauti. Aliangalia ukuta wa nyuma yangu, kisha ule wa kushoto, kama anayetafuta saa.

"Hiyo sheria mmeandika wapi? Nionyeshe nisome, nijue ninarudi nyumbani kwa sababu gani."

Haikuwa imeandikwa mahali popote. Aliniangalia kidogo, akasema, "Sawa, dada," akashuka ngazi. Aibu niliyoipata siku hiyo ilinifuata hadi Kaloleni. Nilikuwa nimemwambia mama yangu kwamba kazi yangu ni kuzuia udanganyifu, kumbe nilikuwa nimekaa mlangoni nikiusajili.

Wiki hiyo niliandika sheria. Niliziandika kwa mkono, ukurasa mmoja, Kiswahili na Kiingereza. Mtu yeyote mzima aliyelipa kiingilio, awe mwanamume au mwanamke, ana haki ya kuomba kiti. Hakuna kiti cha simu. Watu wakizidi viti, tunapiga kura mbele ya wote. Ukitolewa, umetolewa. Nilimpelekea Bwana Wafula kwanza. Alisoma mara mbili, polepole.

"Karatasi ni nzuri," alisema. "Itakufukuzisha kazi."

Kisha akaomba kalamu. Aliongeza sharti moja ambalo mimi sikulifikiria: anayetangulia kuweka chipu mezani abadilike kila mchezo. Anayeweka wa mwisho huona wenzake wameweka ngapi kabla ya kuamua, na hiyo ni faida kubwa. Wazee wa Milimani walikuwa wakiwahi kiti hicho cha mwisho na kukikalia siku nzima.

"Ukifungua mlango na huku ndani umeacha hivyo," alisema, "hujafanya kitu."

Meneja Mkuu, mtu wa Nairobi aliyependa tai nyekundu, alisoma nusu ya ukurasa akautupa kwenye droo.

"Anyango, hii ni kasino, si baraza la chifu. Hawa watu wa simu ndio wanatulipia taa. Kazi yako ni daftari."

"Ndiyo, Bwana Meneja."

Nilirudi kwenye daftari. Nilikuwa namlipia kaka yangu karo, na wanawake wengine wawili walikuwa wameajiriwa kwa sababu mimi sikuwa nimeharibu. Sikuwa na ujasiri wa kumjibu, na sitawadanganya kwamba nilikuwa nao.

Lililobadilisha mambo lilikuwa shindano lililofuata. Wakili mmoja wa Milimani, mteja wetu mkubwa, alitolewa mara tatu katika raundi ya kwanza, na mara tatu akalipa upya. Mara ya nne akashinda meza yake, na jioni akachukua kikombe. Hakukuwa na aliyepiga makofi. Mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuwa meza moja naye alipoishiwa chipu mara mbili alisimama, akavaa koti, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Huyu nimemshinda mara mbili, na yeye ndiye mshindi." Akaondoka, na wengine kama kumi wakamfuata.

Shindano lililofuata, siku ya kuandikisha, nilikuwa na majina tisa. Tisa, kwa viti ishirini na vinne. Hata watu wa simu hawakutaka kuja, kwa sababu hawakuwa na wa kumshinda. Saa sita mchana Meneja Mkuu alikuja mwenyewe mlangoni akaangalia daftari langu lililo karibu tupu.

"Lete ile karatasi yako."

"Iko kwa droo yako, Bwana Meneja."

Aliahirisha shindano kwa mwezi mmoja. Karatasi ilipigwa chapa na kubandikwa ukutani, chini kwenye ngazi na juu mlangoni. Lakini aliniita ofisini akaniambia wazi: "Tunajaribu mara moja. Ukumbi ukiwa mtupu tena, wewe na karatasi mtashuka ngazi pamoja."

Nilikwenda Mamboleo mwenyewe. Mama Turfosa alikuwa ameinamia breki za lori. Nilimpa nakala. Aliisoma yote, akaikunja, akaitia kifuani. "Sasa hii naelewa," alisema.

Jumamosi ile, saa tatu asubuhi, foleni ilikuwa imefika barabarani. Niliandika watu arobaini na mmoja. Bwana Wafula alichukua karata nyeusi ishirini na nne na nyekundu kumi na saba, akazihesabu kwa sauti mbele ya wote, akazichanganya, akazitandaza mezani kifudifudi. Mtu mmoja, karata moja. Nyeusi, una kiti. Nyekundu, unarudishiwa kiingilio chako na jina linaandikwa kwenye orodha ya kusubiri. Watu walivuta wakipiga kelele kama uwanjani. Yule mwalimu wa sekondari alipata nyeusi. Karani wa posta aitwaye Okelo, nyeusi. Mama Turfosa alifuta kidole kwa leso, akavuta, akaniinulia nyeusi bila neno.

Wakili alivuta nyekundu.

Meneja Mkuu alikuja nyuma ya kiti changu akainama. "Mtafutie nafasi."

Lakini karatasi ilikuwa ukutani na watu arobaini walikuwa wameisoma, na mara hii maneno yalikuja.

"Bwana Meneja, nimtaje nani atoke? Nipe jina, nitamwambia hapa hapa mbele ya wote."

Aliangalia foleni. Aliangalia Mama Turfosa, na mwalimu, na Okelo. Hakutaja jina. Na Wakili, ambaye nadhani alisikia kila kitu, aliweka ile karata nyekundu mbele yangu.

"Meneja, wacha mama afanye kazi," alisema. "Nimesoma masharti. Niandike kwa kusubiri."

Hakuna aliyekosa kufika mezani, kwa hiyo alisubiri bure. Alikaa na watazamaji siku nzima, na kufikia jioni alikuwa anapiga kelele kuliko wote.

Meza ya mwisho ilikuwa na watu wanne. Kabla ya mchezo wa mwisho wawili walikuwa wameishiwa, wakabaki Okelo na Mama Turfosa. Okelo alikuwa na elfu moja mia tano, mama elfu moja mia nne. Kwa sharti lile la Bwana Wafula, zamu ya kutangulia ilimwangukia Okelo. Alisita, kisha akasukuma mia tano. Macho yote yakamgeukia Mama Turfosa. Alichagua chipu moja, ile ndogo kabisa ya kumi, akaiweka.

"Ameogopa!" mtu akapiga kelele.

Hakuwa ameogopa. Alikuwa amepiga hesabu. Okelo akishindwa angeshuka hadi elfu moja, na yeye, hata akipoteza ile kumi, angebaki juu. Bwana Wafula aligawa. Okelo alipata kumi na nane, akatosheka. Mama alipata kumi na nne, akapunga mkono kwamba haongezi. Mbele ya mgawaji kulikuwa na mfalme, ambaye ni kumi. Wafula akavuta karata yake ya pili: tisa. Kumi na tisa. Alikuwa amewashinda wote wawili.

Ilichukua nukta chache watu waelewe. Okelo ndiye aliyeelewa kwanza. Aliangalia chipu zake, akaangalia za mama, akaanza kucheka, akamnyooshea mkono. "Mama, umenipiga kwa kushindwa!" Ukumbi ukalipuka. Waliimba wakimzunguka, Wakili yumo, Meneja Mkuu yumo na tai yake imelegea. Bwana Wafula alinionyesha viganja vyake, juu na chini, kama sheria inavyotaka, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona akitabasamu kazini.

Zawadi ilikuwa jokofu. Mama Turfosa alilipeleka Mamboleo kwa mkokoteni, akawa anauzia madereva soda baridi kando ya vipuri. Mkaguzi wa serikali alipokuja kukagua leseni, alisimama mbele ya ukuta wetu muda mrefu, kisha akaomba nakala aende nayo Nairobi. Baadaye nilisikia kutoka kwa wagawaji wa miji mingine kwamba ukurasa kama huo umebandikwa kwao, na hawakujua ulitoka wapi. Sikuwaambia. Kabla ya miaka ya tisini kuisha nilikuwa msimamizi wa ukumbi mzima, mwanamke wa kwanza kwetu, na hatukuwahi tena kukosa watu wa kujaza viti.

Nilistaafu nikiwa na miaka hamsini na tano. Kuna sharti moja niliongeza baadaye: mfanyakazi haruhusiwi kushindana hadi mwaka mzima upite tangu aache kazi. Kwa hiyo nilingoja mwaka mzima, nikavaa gauni langu zuri, nikapanda zile ngazi kama mteja. Maisha yangu yote sikuwa nimecheza. Karani mlangoni alikuwa msichana niliyemfundisha mwenyewe. Nililipa, nikavuta, nikapata nyekundu.

Watu walinitambua. Mzee mmoja akasema, "Aa, huyu ni Mama Anyango! Mpeni kiti changu basi."

Yule msichana alitikisa kichwa, kwa heshima. "Pole, Mama. Kiti hakipeanwi. Uko namba nne kwa kusubiri."

Nimepata barua za sifa kazini, nimepewa saa ya ukutani na hotuba ya kuagwa. Hakuna iliyonifurahisha kama yale maneno. Nilichukua kiingilio changu, nikaagiza chai, nikavuta kiti karibu na meza ya kwanza ili nione vizuri.