Mtihani wa Karanga

Bibi yangu Arletha Boykin akiwa na wasiwasi alikuwa anapiga pasi. Sio nguo nyingi kama watu wengine, hapana. Shati moja, mara tatu, mpaka kola inaomba msamaha. Kwa hiyo mwezi wa nane mwaka sitini na tisa, barua ya jeshi ilipomfikia mwanawe Lavon, majirani wa mtaa wetu huku Georgia kusini hawakuhitaji kuambiwa. Walinusa pasi tu.

Barua ilimtaka mjomba Lavon, miaka kumi na tisa, aripoti Atlanta tarehe ishirini na mbili mwezi wa tisa. Kila mtu alijua safari ile inaishia Vietnam. Kanisa letu, watu mia na kidogo, lilikuwa limeshazika vijana watatu. Wazungu wa mji mzima walikuwa wamezika mmoja. Hesabu hiyo hata mimi niliyepata sifuri shuleni naiweza.

Lakini kilichomtoa Bibi nyumbani sio barua. Ni mdomo wa Wendell Cauthen.

Wendell alikuwa mtoto wa mzee Hoyt Cauthen, mwenye shamba la karanga ambako mjomba Lavon alikuwa anaendesha trekta tangu ana miaka kumi na tatu. Walikuwa wa umri mmoja. Siku hiyo mjomba yuko chini ya trekta anakaza nati, Wendell yuko kivulini, amemimina karanga kwenye soda yake, anakunywa na kutafuna.

"Mimi siendi, bwana," akasema. "Baba amejaza fomu. Shamba haliwezi kwenda bila mimi. Eti mimi ndio nang'oa karanga!"

"Wewe unang'oa nini, Wendell? Meno?"

"Utajijua. Karatasi ndiyo inasema hivyo."

Na karatasi ilikuwa imepita vizuri, kwa sababu mzee Cauthen mwenyewe alikuwa mmoja wa wale watano wa bodi ya wilaya wanaochagua nani aende vitani na nani abaki. Wazungu wote watano. Yaani refa, mshika bendera na kocha, baba mmoja.

Mjomba aliporudi na hiyo habari, Bibi alizima pasi. Akavaa kofia ya kanisani, ile ya zambarau, akaenda kugonga milango.

Jumatatu iliyofuata wanawake kumi walisimama barabarani nje ya ofisi ya bodi, na kofia zao na glavu zao nyeupe, kwenye jua ambalo lingekaanga yai. Bango la Bibi lilisema: ANAYECHIMBA NDIYE ANAYEPELEKWA. La rafiki yake Bi Ozella lilisema VITA BASI, kwa sababu Ozella hakupenda kuandika sana.

Mzungu mmoja mwenye duka la dawa akatoka mlangoni kwake. "Nyie akina mama! Nani anapika huko kwenu leo?"

"Huko kwetu sijui," Ozella akamjibu, "ila kwako hakuna chakula, baba. Mpishi wako si ndiye mimi hapa?"

Alifukuzwa kazi jioni hiyo. Jumatatu ya pili alikuwa wa kwanza kufika.

Jumatatu ya tatu, labda kwa kuchoka kuwaona, bodi ikakubali kumsikiliza mjomba, na Bibi awe shahidi. Walikaa meza ndefu, wazee watano na feni moja. Wendell ndiye aliyemleta baba yake kwa gari siku hiyo, akawa ameegemea mlango.

"Haya Arletha, sema," mwenyekiti akasema. Bwana Pruitt, alikuwa mdogo kwa Bibi kwa miaka kumi.

"Bi Boykin," Bibi akasema.

"Sema, tuna kazi."

Bibi akafungua mkoba wake wa kanisani akatoa mashina mawili ya karanga na udongo wake, akayatupa juu ya mafaili yao. Sasa, karanga inaiva chini, huioni. Unang'oa shina, unapasua ganda, unatazama ndani yake. Likiwa jeupe, subiri. Likiwa na madoa ya kahawia, washa trekta. Ukikosea wiki moja, mwaka umekwenda. Kwenye meza ile kila mzee alikuwa mkulima, hakuna aliyehitaji somo hilo.

"Shina hili ni la shamba la juu, hili la mtoni," Bibi akasema. "Wendell ndiye mng'oaji, fomu inasema. Atuambie lipi la kung'oa leo."

Wendell akamtazama baba yake. Mzee Cauthen akatazama feni. Basi kijana akasogea, akachagua shina lenye majani mazuri, akapasua karanga, ganda hata hakulitazama, akaitia mdomoni.

"Hii," akasema. "Tamu."

Mzee mmoja wa bodi akacheka mpaka akakohoa. Mjomba Lavon akapasua ganda la lile shina jingine, akaliweka mezani. Kahawia tupu.

Hapo Bibi alijua ameshinda. Pruitt hakuwa anacheka. Alifungua faili, akatoa kalamu, akaiweka juu ya jina la Wendell.

"Unataka haki, Arletha? Sawa. Sema huyu ni muongo, nami namwandika sasa hivi. Waende wote, Lavon na Wendell, siku moja, gari moja. Hiyo ndiyo haki. Sema."

Mzee Cauthen alikuwa mweupe kuliko kawaida yake, na kawaida yake si mchezo. Wendell, mdomo bado una karanga, alikuwa anamtazama Bibi. Bibi aliwahi kupika kwa kina Cauthen, akamlisha yule mtoto mikate ya moto jikoni kwao tangu anaota meno.

"Mimi nimekuja kutoa mmoja," Bibi akasema. "Sikuja kuwaongezea."

"Basi mmoja ataenda kama ilivyo. Tarehe ishirini na mbili. Mlango ule pale."

Nje, Ozella aliposikia, nusura avue kofia ampige nayo.

"Ulikuwa naye mkononi! Mkononi, Arletha! Ukamwachia?"

"Niseme auawe?"

"Useme tu ukweli!"

"Ukweli wenyewe umeishia kwenye kalamu ya yule, Ozella. Umesikia anachoufanyia."

Hawakuongea siku nne, rekodi yao mpaka leo. Na mjomba naye alinuna, shambani asirudi tena. "Mama, angalau tungekuwa wawili," akasema. Bibi akarudi kwenye pasi. Anapiga, anaacha, anatoka barazani, anarudi. Karanga za Cauthen ziling'olewa na Wendell wiki ile ile, nusu zikiwa changa, maganda meupe kama maziwa.

Tarehe ishirini na mbili Bibi na Ozella walipanda basi mpaka Atlanta wakimfuata mjomba. Hawakuruhusiwa kuingia. Wakatembea huku na huku mbele ya jengo mpaka askari akawauliza kama wamepoteza kitu.

Ndani, jina likiitwa, unapiga hatua moja mbele, umeshakuwa mwanajeshi. Wenzake thelathini walipiga hatua. Mjomba hakusogea. Wakamwita tena, kisha mara ya tatu.

Akatoka peke yake. "Wamesema nikangoje nyumbani. Watakuja kunikamata."

"Lini?"

"Hawakusema."

Miezi saba! Kila asubuhi Bibi anapiga pasi shati la mjomba, asije akachukuliwa amevaa la jana. Gari likipita, moyo juu. Mbwa akibweka, pazia linafunguka. Mjomba anasema jela, miezi ishirini na miwili, haikumchosha kama ile miezi saba ya pasi.

Walikuja askari wawili, mwezi wa nne, saa mbili asubuhi. Bibi akafungua mlango nusu.

"Anakula," akasema. "Subirini."

Wakatazamana, wakavua kofia, wakasubiri barazani. Mezani mjomba Lavon alikuwa na mayai na uji mzito wa mahindi, na njaa hana hata chembe. Akamaliza sahani, akaisogeza mbele, akaomba aongezewe.