Shairi la Wiebe kwa Mkwe wa Marekani

Wiebe Terpstra alikuwa na maoni kuhusu kila kitu kinachotumia umeme, na kuhusu Marekani nzima. Marekani alikuwa hajawahi kufika. Alifika Ujerumani mara nne na Norwe mara moja, na huko nako alirudi na maoni. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mlinzi wa daraja la kuinuka pale Aldewier, mji mdogo wa Friesland, jimbo la kaskazini mwa Uholanzi, mpaka siku walipofunga kamera tatu na kumwambia kwamba sasa daraja litainuliwa na mtu aliyekaa ofisini, kilomita arobaini kutoka hapo.

"Kilomita arobaini," alimwambia jirani yake Sjoerd kila asubuhi kwenye kahawa. "Yule bwana hajui hata mfereji wetu unanuka vipi. Siku moja atainua daraja na bibi wa watu yuko juu na baiskeli yake, halafu atamtumia fomu ajaze kama ameridhika na huduma."

Sjoerd alikuwa akicheka mpaka kahawa inamwagika. Na hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa wa Wiebe: watu walimcheka vizuri mno. Mtu akishasifiwa kwa kuchekesha hawezi tena kukaa kimya kama sisi wengine. Alikuwa na kauli kuhusu watu wanaopiga picha supu yao kabla ya kuinywa, na kuhusu friji ya dada yake iliyokuwa ikimkumbusha maziwa. Mtandao, alisema, ni soko ambalo wote ni wauzaji na bidhaa ni moja, hasira. Na siasa za Marekani ndizo zilikuwa nyama yake ya Jumapili.

"Sisi tuna vyama kumi na tano," alikuwa akisema. "Hakuna anayeshinda, hakuna anayefurahi, na nchi inaendelea kupanga mitaro yake. Wao wana viwili tu, kama mtu mwenye viatu viwili vyote vya mguu wa kushoto, na kila baada ya miaka minne wanagombana kipi kinabana kidogo."

Maneno kama hayo yangepita bila madhara kama bintiye asingeolewa huko. Froukje, mtoto wake wa pekee, alikuwa Ohio mwaka wa tisa, mke wa mtu anayeitwa Wade, mrefu, mpole, mwenye gari la mizigo ambalo Wiebe alisema lingehitaji mlinzi wake wa daraja. Wade alifanya kazi kwenye kiwanda cha vipuri. Bendera ilikuwa uani kwake mwaka mzima, na wakati wa uchaguzi alivaa pia kofia na kuweka bango la mgombea aliyeahidi kurudisha viwanda, ambaye Wiebe hakuweza kulitaja jina lake bila kuweka kikombe chini kwanza.

Walikuwa na binti wa miaka saba, Hattie. Wiebe alimshika mara moja tu, akiwa hajaota meno. Sasa, hatimaye, walikuwa wamekubaliana: wote watatu watakuja Mei, wiki tatu nzima. Tiketi zingekatwa baada ya mwaka mpya. Jikke, mkewe Wiebe, alikuwa ameshapaka rangi chumba cha juu, na Wiebe alikuwa amenunua baiskeli ndogo ya mtumba na kuibadilisha mnyororo, kwa sababu alisema mtoto anayekuzwa ndani ya gari huota magurudumu badala ya miguu. Alipokuwa peke yake kibandani aliizungusha pedali kwa mkono, akasikiliza, akafurahi. Mei ndiyo ilikuwa kalenda yake yote.

Kabla ya Mei kulikuwa na tarehe tano Desemba, jioni ya Mtakatifu Nikolasi. Kwao zawadi haiendi bila shairi. Mnapiga kura ya majina, na utakayempata unamnunulia kitu kidogo, kisha unamtungia mashairi ya kumtania: uvivu wake, ubahili wake, nywele zake zinazokimbia. Mwenyewe anasimama na kuyasoma kwa sauti mbele ya wote, na lazima acheke. Jina la mtunzi haliandikwi, mtakatifu ndiye anayebeba lawama. Asiyetaniwa ndiye wa kusikitikiwa, maana yake hakuna aliyemwangalia mwaka mzima.

Froukje aliiendeleza mila hiyo Ohio, wakikutana na wazazi wake kwenye skrini. Miaka yote jina la Wade lilimwangukia Jikke, ambaye alimtania kuhusu soksi. Mwaka huu lilimwangukia Wiebe.

Alitunga kwa wiki tatu. Jikke alimkuta akijichekea mezani, akamwekea mkono begani.

"Wiebe, mtekenye. Usimchune."

"Ni mila, mke wangu. Shairi lisilouma ni risiti tu."

"Yule siyo Sjoerd."

"Ndiyo maana namheshimu. Nampa la mkwe halisi."

Jambo hili mnapaswa kulielewa: hakuwa na chuki. Alimtania Wade kwa nguvu zake zote kwa sababu alikuwa anamkaribisha. Kwao hivyo ndivyo mgeni anavyofanywa ndugu. Beti za mwanzo zilikuwa za gari na za simu mezani, kisha ukaja huu, alioupenda kuliko zote:

Kura yako ulitia, kiwanda kirudi kwenu,
Foleni ukaingia, ukasubiri na wenu,
Mgombea kajitia: "Nainua mji wenu,"
Kilichorudi, sikia: kofia vichwani mwenu.

Siku zote Froukje ndiye aliyetafsiri. Lakini Wiebe alitaka Froukje naye ashtukizwe, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuwaelekeza watalii chooni. Basi mtu huyu, aliyekuwa ameitukana mitambo miaka kumi na mitano, alifungua kompyuta, akaupa mtambo wa kutafsiri shairi lake, akatuma ulichotoa. Mtambo haukukosea neno hata moja. Vina tu ndivyo vilivyobaki njiani, na tabasamu pamoja navyo.

Jioni ikafika. Aldewier ilikuwa giza, Ohio ilikuwa mchana mweupe. Sebule ya Froukje ilijaa: alikuwa amewaalika wazazi wa Wade na dada yake waione mila ya kwao. Dada mtu alikuwa na simu mkononi, anawarushia wafuasi wake moja kwa moja mtandaoni. Hattie alikaa sakafuni akila H yake ya chokoleti, zawadi ya sikukuu hiyo kwa kila mtoto, kutoka mguuni kwenda juu.

Wade akasimama, akasoma. Gari: wote wakacheka. Simu: wakacheka, mama yake zaidi. Kisha akafika kwenye ubeti ule, ambao bila vina ulikuwa umebaki mifupa.

"Ulipiga kura ili kiwanda kirudi mjini kwenu," akasoma. "Ukaingia foleni, ukasubiri na wenzako. Mgombea akajifanya anauinua mji wenu. Kilichorudi, sikia, ni kofia vichwani mwenu."

Baba yake alikuwa akiangalia zulia. Wade alimalizia mistari minne iliyobaki kwa sauti ileile, neno baada ya neno, akaikunja karatasi, akasema, "Asante, Mtakatifu Nikolasi," akaelekea jikoni. Wiebe, huku Friesland, alikuwa bado anangoja kicheko.

Froukje alipiga simu kesho yake. Hakulia, na hilo lilimtisha baba yake zaidi.

"Baba, kiwanda kilifungwa Oktoba. Wade amefukuzwa, yeye na wenzake mia mbili. Wazazi wake, wanaokaa mji mwingine, walikuwa hawajui. Alikuwa anatoka nyumbani kila asubuhi na chakula chake ili Hattie asijue."

Wiebe alikaa chini. "Mbona hamkuniambia?"

"Nikuambie wewe?" Froukje akasema. "Ungetunga kitu."

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha wenyewe ulikuwa haujamaliza kutoka. Wiki hiyohiyo mtu asiyejulikana alikata kipande kutoka kwenye video ya dada yake Wade: sekunde arobaini, uso wa Wade na ule ubeti. Kufika Ijumaa kilikuwa kimetazamwa na watu wengi kuliko wakazi wa Friesland yote. Nusu walimcheka Wade. Nusu nyingine walimtukana mzee wa Ulaya asiyejua shida za watu. Hakuna hata mmoja aliyewajua.

Sjoerd alifika na mkate wa sukari, amejawa na fahari. "Umekuwa maarufu, rafiki yangu. Mpwa wangu kaiona Ureno."

"Sjoerd, nenda nyumbani."

"Lakini ni nzuri sana, ile ya kofia."

"Nenda nyumbani," Wiebe akasema, na Sjoerd akaenda na mkate wake.

Siku nne Wiebe alikaa mbele ya kompyuta akitafuta mahali pa kubonyeza ili watu waache. Aliandikia wenye mtandao ule. Waliuliza kama yeye ndiye mwenye video, akajibu hapana, yeye ndiye mwenye maneno. Waliuliza kama maneno yalikuwa na matusi, wakampa orodha ya makosa achague, na mzaha haukuwemo. Mwishowe ulikuja ujumbe wa kumshukuru kwa maoni yake. Miaka yote alikuwa akitaka watu wayapokee maoni yake, na alipousoma aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Kila alipoifungua video kuangalia kama imeondolewa, idadi ya watazamaji iliongezeka kwa mmoja, naye ndiye huyo mmoja.

Akajaribu barua ya kuomba radhi. Jikke aliisoma akiwa amesimama.

"Umesema kalamu yako ilipata kichaa ikamuuma mtu."

"Nimejaribu kuilainisha."

"Iondoe."

Akaiondoa. Zikabaki sentensi tatu, na zote tatu zilikuwa zinamhusu yeye mwenyewe. Alijaribu tena. Mtu aliyewahi kuchekesha meza nzima kwa habari ya pampu ya maji alishindwa kuandika neno moja lililonyooka, na uchungu wake ulikuwa wa kweli kabisa.

"Mpigie," Jikke akasema. "Yeye, siyo Froukje."

Akapiga Jumapili, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. Wade mwenyewe alipokea, na nyuma yake Wiebe alimsikia Hattie akiimba kitu peke yake.

"Wade. Mimi ni Wiebe. Nimekosa. Sikujua habari za kazi. Samahani sana."

"Ni sawa, mzee. Hamna shida."

"Siyo sawa. Nimekuumiza mbele ya baba yako."

"Yamepita, mzee. Ilikuwa mila yenu, naelewa."

Wiebe aliibana simu kwa mikono miwili. Kwao mtu akikasirika anakuambia usoni kwamba wewe ni mpumbavu, unakubali kwamba wewe ni mpumbavu, mnakunywa kahawa. Matusi ndiyo mlango. Hapa hakukuwa na mlango wala dirisha, ukuta mtupu wa adabu.

"Nitukane basi," akasema. "Tafadhali. Sema lolote, hata kuhusu daraja langu. Nastahili."

Hattie alikuwa bado anaimba.

"Hapana, mzee. Sina sababu ya kufanya hivyo."

"Na Mei, Wade? Mtoto... chumba kiko tayari."

"Tutaona mambo yatakavyokwenda. Asante sana kwa kupiga. Nakutakia siku njema."

Simu ikakatika. Jikke alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi, hajakifutia chochote.

"Kasemaje?"

"Kasema hamna shida," Wiebe akasema. "Kanitakia siku njema."

Jikke alikaa naye mezani, upande uleule.

"Basi hawaji," akasema.