Moshi Uliokaa Kifuani mwa Edo Maka

Shangazi yangu Maka, niliyemwita Edo, yaani shangazi kwa Kisomali, hakumwamini mtu anayeuliza maswali, na mimi nilikuwa wa kwanza kushukiwa. "Nafiso, shule imekufundisha kuuliza kama askari," aliniambia kila mara. Mwaka ule wa 1966, hilo halikuwa neno la mzaha. Serikali ilikuwa imetutoa malishoni ikatukusanya kijijini, ndani ya seng'enge, karibu na mji wa Garissa, kwa kuwa ilidhani sote tunawalisha shifta, waasi wa porini. Kutoka kwa ruhusa, kuingia kwa kuhesabiwa. Na sisi kwa sisi tukachunguzana: nani amecheka na askari, nani amepata viatu vipya.

Kazi ya Edo ilikuwa kufukiza vyombo vya maziwa. Chombo chetu, dhiil, husukwa kwa nyuzi za mizizi, na maji peke yake hayakisafishi. Edo alichoma vijiti vya mti mgumu mpaka vikawa makaa mekundu, akavitumbukiza ndani, akaziba mdomo wa chombo, akatikisa. Kisha alifungua kidogo na kupuliza vijiti visizimike, uso wake ukiwa palepale moshi unapotokea. Maziwa ya chombo kama hicho yanakaa siku mbili bila kuharibika. Wachuuzi wote walimletea yeye, wakiongozwa na Lul, mama mwenye sauti ya kumwamsha ngamia aliyelala.

Asubuhi moja Lul alisimama mlangoni bila kuingia.

"Maka, hicho kikohozi ni cha nini?"

"Ni vumbi tu, walaal, ndugu yangu."

"Vumbi tunalila sote. Mbona wewe peke yako unalikohoa?"

Kesho yake Lul hakuleta vyombo. Siku ya pili yake hakuna mtu yeyote aliyeleta. Nilijua neno wanalonong'ona: kifua kikuu. Aliyeshikwa nacho alipakiwa kwenye lori kupelekwa hospitali ya mbali, huko tulikokuita Kenya, kana kwamba sisi tuko nchi nyingine. Mzee Alio alipakiwa mwezi wa Ramadhani, na hatukusikia tena habari zake. Edo hakuwa na mume wala ngamia. Kazi ikimtoka, hana chakula; na uvumi ukimfikia dresa, mtabibu wa zahanati, lori litamchukua.

Akaamua kujitibu. "Kinachosafisha chombo kitasafisha kifua," alisema, akaweka makaa na vijiti vyake kwenye kigae, akajifunika shuka gubigubi, akavuta moshi. Siku tatu hivyo. Siku ya nne kohozi lilitoka jeusi kama masizi ya sufuria, naye akafurahi! "Umeona? Uchafu unatoka."

Nami, Mungu anisamehe, nilianza kumshuku. Kama kweli ni vumbi tu, alikuwa akificha nini chini ya shuka ile?

Wiki hiyohiyo dresa wa zahanati, Mulinge, aliagiza kila anayekohoa alete kohozi kwenye mkebe. Edo hakuthubutu kukataa. Tulipofika langoni pa zahanati, askari aliufungua mkebe wake, akaruka nyuma.

"Hii ni baruti!"

"Baruti haitoki kifuani mwa mtu, afande," dresa alisema.

"Na kifuani mwa shifta je?"

Edo alishikiliwa langoni juani, mimi nikiwa nimemshika mkono, dresa akiwa ndani na hadubini yake. Alirudi akasema ametazama mara mbili na hakuona vijidudu vya kifua kikuu. Ila angependa kuona huyu mama anachoma nini nyumbani kwake.

"Unaona?" Edo aliniambia kwa Kisomali. "Anasema hakuna ili nitulie. Sasa anataka kujua ninapolala."

Dresa alikuja, askari nyuma yake. Alimtazama Edo akifukiza chombo chetu kimoja cha nyumbani, akaniomba nimtafsirie. Akasema: je, mto Tana ukifurika, mchanga mzito unatulia wapi? Nikajibu, kando ya mto, mapema. Na tope laini? Nikasema, hilo linasafiri mpaka shambani, maji yanaposimama, ndipo linakaa. "Basi hewa nayo ni mto," akasema. Vumbi kubwa linanaswa puani, au linagonga kwenye kona za koo kama lori lililoshindwa kukata kona. La wastani linanaswa kwenye ute wa mirija, na vinyweleo vidogo vinalisukuma juu tulikohoe. Lakini chembe za moshi ni ndogo mno. Zinapita kona zote mpaka kwenye vifuko vya mwisho, ambako hewa karibu inasimama. Nyingine zinatoka na pumzi. Nyingine zinatua hukohuko, na huko hakuna wa kufagia.

Nilishangaa mpaka nikasahau kutafsiri. Niliwaza: hata sasa hivi, ninapovuta pumzi?

"Mwambie ni mwongo," alisema Edo nilipomaliza kumtafsiria.

Dresa akatoa kitambaa cheupe cha bendeji ili Edo ajifunge mdomo na pua afukizapo. Edo alikikataa. "Huenda amekitia dawa kigeuke rangi." Akaenda sandukuni, akakata pindo la kanga yake nyeupe ya msiba, akalifua mbele yetu, akalianika juani likakauka. Ndipo akajifunga nalo, akafukiza vyombo vyetu vitatu. Alipolifungua, mbele ya matundu ya pua palikuwa na madoa mawili meusi.

Aliligeuza pindo lile, akalinusa, akalisugua kwa kidole. Hakumwangalia dresa. Alikiendea kigae cha makaa alichojifukizia, akakimwaga nje.

Alasiri aliniambia nimwite Lul. Safari hii Edo alikuwa ameketi nje na makaa yake, upepo ukimpiga mgongoni, moshi ukienda upande wa seng'enge.

"Si kifua kikuu," Edo alisema, akimnyooshea lile pindo lenye madoa. "Ni moshi wa vyombo vyenu. Tazama."

"Nani kasema? Yule wa serikali?"

"Yeye kasema. Mimi nimeona."

Lul alilishika kwa ncha za vidole, akalinusa muda mrefu. Akanitazama mimi, akatazama moshi unakoelekea. Halafu akaenda, akarudi na vyombo viwili tu kati ya kumi, akaketi mbali kidogo, mtandio umeziba pua.

"Fukiza," alisema. "Sibanduki hapa. Nataka nihesabu utakohoa mara ngapi."