Sindano na Wifi Yake

Dukani kwake wateja walimwita Fundi. Kwenye simu, watu arobaini na mmoja walimwita Sindano, na hilo ndilo jina alilolipenda zaidi.

Hao arobaini na mmoja walikuwa kikosi chake. Mchezo wenyewe ni wa kuteka ngome: kila Jumamosi alasiri vikosi viwili hupambana, kila mtu kwenye simu yake, popote alipo. Sindano alikianzisha kikosi chake na watu watano, siku ambazo umeme ulikuwa ukikatika na cherehani linalala. Yeye alipokea wageni, yeye alipanga walinzi na washambuliaji, yeye aliwasuluhisha Kinyozi na Mpishi walipotukanana. Mara nyingi mambo yalikwenda mrama, lakini yalikwenda kwa mkono wake.

Kisha akamwingiza wifi yake, mdogo wa mumewe, mwalimu wa hesabu mwenye sauti ya chini. "Njoo ucheze, wifi, likizo itakuotesha kutu," alimwambia. Mwalimu akajiita Chaki. Mwezi haujaisha, Sindano akampa unaibu, maana ni kiongozi na naibu tu wanaoruhusiwa kuwapa washambuliaji amri vita vikiwaka.

Kumbe alikuwa anajipalia makaa.

Chaki hakupiga kelele. Aliuliza nani ana simu inayogandaganda, nani anapenda kulinda, nani hana subira. Halafu akagawa kazi. Mpishi, ambaye kila vita alikurupuka na kufa wa kwanza, aliwekwa kulinda ghala, na akaling'ang'ania kama jiko lake. Wakashinda Jumamosi tatu mfululizo. Haikuwahi kutokea.

Basi ikawa kila jambo, "Chaki amesemaje?" Kinyozi akaandika, "Jamani, wifi ya Sindano ina kasi, na haikatiki!" Kundi zima likacheka. Sindano naye akatuma kicheko, meno ameyauma.

Alianza kuhesabu. Ujumbe wake ulijibiwa na watu wawili. Wa Chaki, kumi na tisa. Akiwa katika hesabu hizo alimkatia mteja blauzi yenye mkono mmoja mfupi. Na mumewe, asiyejua lolote, akasema mezani, "Mdogo wangu ana kichwa, eh?"

"Sisi wengine tuna maboga," Sindano akajibu, akaondoa sahani kabla mume hajamaliza kula.

Jumamosi ya nne walipangiwa kikosi kigumu. Zilipobaki dakika tano kabla ya kuanza, Sindano aliligusa jina la Chaki. Vua unaibu? Simu iliuliza mara mbili. Mara mbili akajibu ndiyo.

Vita vikaanza. "Siwezi kutoa amri! Kitufe kimepotea!" Chaki akaandika.

"Ni mtandao huo," Sindano akajibu. "Nifuateni mimi."

Wakamfuata. Wote. Wakasongamana langoni kama kuku waliomwagiwa mtama, na ngome ikaanguka kabla Mpishi hajajua kuna vita.

Jumatatu, alipotoka kufundisha, wifi akaja dukani na sketi mkononi.

"Wifi, naomba unipunguzie kiuno."

"Umekonda?"

"Nimekondeshwa." Akaiweka simu juu ya meza ya kukatia. Mchezo ule huandika kila badiliko la cheo, na mstari ulikuwa pale, pamoja na saa yake: Sindano amemvua Chaki unaibu.

Sindano akausoma. "Nani mwingine ameuona?"

"Hilo ndilo swali lako la kwanza?"

Sindano akaichukua ile sketi, akaanza kuikunja.

"Ungeniambia tu, wifi," mwalimu akasema. "Ningejiuzulu."

"Ningekwambia nini? Kwamba nina wivu?"

"Ndiyo. Ni neno fupi."

"Fupi kwako. Mimi limenikaba tangu ile Jumamosi ya kwanza mliyoshinda."

"Tuliyoshinda," mwalimu akamsahihisha, na machozi yakamlengalenga. Akachukua simu, akaondoka. Sketi akaiacha.

Jioni ile Sindano aliandika kwenye kundi: "Haukuwa mtandao. Ni mimi. Nilimwonea Chaki wivu." Watu watatu walijitoa papo hapo. Kinyozi, kwa mara ya kwanza, hakuwa na mzaha. Waliobaki wakapiga kura, na Chaki akawa kiongozi kwa kura thelathini na moja. Sindano hakupiga. Chaki akamwomba abaki na kazi ya kuwapokea wageni, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuifanya vizuri kama yeye. Alikubali, ingawa sifa ile nayo ilimchoma, maana sasa yeye ndiye aliyegawiwa kazi.

Sketi ilipelekwa imekamilika. Wakasalimiana vizuri, wakaulizana hali, wasikae.

Juzi akaingia kikosini mgeni mmoja, dereva wa lori. Sindano akamkaribisha, akamweleza taratibu, akamtania kidogo mpaka akazoea.

"Asante, dada. Sasa kiongozi wetu ni nani?"

Sindano akaiweka simu kando. Akashona upindo wa pazia, mwanzo hadi mwisho, akakata uzi. Ndipo akaandika: "Chaki." Akangoja kidogo, akaongeza: "Ni wifi yangu."